Risasi ya Betri Chakavu: Mwongozo Kamili kwa Kibarua, Familia Yake na Jirani wa Kiwanda

Kuna desturi iliyokita mizizi katika karakana nyingi za rangi, betri na kuchomelea: mwisho wa zamu kibarua anapewa pakiti ya maziwa "akasafishe kifua". Mwajiri anaihesabu hiyo kuwa kinga, kibarua naye anaondoka ameridhika. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayasafishi kifua wala hayaondoi sumu mwilini. Na kibarua huyohuyo akipanda daladala na ovaroli yake, akafika nyumbani akambeba mtoto kabla ya kuoga, ameshakiingiza kiwanda ndani.

Mwongozo huu unahusu aina moja tu ya taka hatari za viwandani: madini ya risasi (kwa Kiingereza lead) yanayotoka kwenye betri chakavu za magari, pikipiki na sola. Nimeyachagua haya kwa sababu yako karibu na watu wengi kuliko wanavyodhani. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, na risasi ina bei, kwa hiyo betri iliyokufa haikai jalalani. Inaokotwa, inauzwa kwa mwenye skrepa, inapasuliwa na kuyeyushwa. Wakati mwingine inayeyushwa kiwandani, wakati mwingine uani kwa mtu, kwenye sufuria.

Yaliyotokea Owino Uhuru

Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda Mombasa, upande wa bara, karibu na Mikindani. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi ubavuni mwa mtaa huo. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani hapo, na baada ya muda mwanawe mchanga akaugua. Vipimo vya magonjwa ya kawaida havikueleza kitu mpaka damu ilipopimwa risasi. Mtoto hakuwa mfanyakazi. Sumu ilimfikia kupitia kwa mama yake.

Omido aliacha kazi, akaanza kuwatafutia vipimo watoto wa majirani, kuandikia ofisi za serikali na kuongoza maandamano. Mwaka 2012 alikamatwa, na baadaye korti ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Wakazi walifungua kesi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufaa ikaiondoa mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Tangu kiwanda kianze mpaka hukumu hiyo ya mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa siku tanuru lilipowashwa alikuwa anakaribia kumaliza sekondari.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba kufungwa kwa kiwanda hakukumaliza tatizo. Watafiti walilinganisha watoto wa Owino Uhuru na wa mtaa mwingine wa Mombasa unaoitwa Bangladesh. Wastani wa risasi kwenye damu ulikuwa maikrogramu 7.4 kwa desilita Owino Uhuru, na 3.7 Bangladesh. Udongo nao ulikuwa na wastani wa miligramu 146.5 kwa kilo upande mmoja, na 11.5 upande wa pili. Moshi ulikuwa umeshakoma. Vumbi lilibaki.

Hatua ya 1: Jua inapopita

Risasi haiingii mwilini kwa kuishika tu. Ngozi nzima huizuia vizuri ikiwa katika hali ya chuma. Inaingia kwa njia mbili: puani na mdomoni.

Puani, ni moshi wa tanuru na vumbi jembamba. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa lenye kipulizo hulifikia bila shida. Ndiyo maana mtu anaweza kuiyeyusha nyumbani akitengeneza chubwi za mshipi au uzito wa nyavu, na kwa sababu haoni moto mkubwa akadhani hakuna hatari. Moto ukizidi, mvuke unapanda, unapoa hewani na kugeuka chembe ndogo mno ambazo huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu.

Mdomoni, ni mikono. Sigara, chapati, kucha zinazotafunwa, simu iliyoshikwa kwa glovu chafu na baadaye kuwekwa mkekani. Mtoto mdogo ndiye anayepata hasara kubwa zaidi, kwa sababu anatambaa, anatia kila kitu mdomoni, na utumbo wake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya utumbo wa mtu mzima kwa kiasi kilekile kilichomezwa.

Ikishaingia, damu huisambaza. Kiasi kilichomo kwenye damu hupungua nusu kwa muda wa kama mwezi mmoja, lakini sehemu kubwa haitoki. Inahamia kwenye mifupa na kukaa huko kwa miaka mingi, hata makumi ya miaka, kwa sababu mwili unaichukulia kama kalsiamu. Mwanamke akibeba mimba, mifupa huachia kalsiamu kwa ajili ya mtoto, na risasi ya zamani hutoka pamoja nayo. Mama aliyeacha kazi ya betri miaka mitano iliyopita bado anatakiwa kumweleza nesi wa kliniki.

Hatua ya 2: Chora ramani ya nyumba na mtaa wako

Kabla ya kununua kinga yoyote, kaa chini na karatasi. Andika mahali ambapo betri hupasuliwa, mahali tindikali humwagwa, upande unakovuma upepo msimu wa kaskazi na msimu wa kusi, mfereji wa mvua unakoelekea, na mahali watoto huchezea. Ukishamaliza, jiulize yafuatayo kuhusu nyumba yako.

Nani anafanya kazi na betri, skrepa, tanuru au kukwangua rangi za zamani? Nguo zake zinafuliwa wapi na nani? Kuna makasha ya betri yanayotumika kama ndoo, vyungu vya maua au vyombo vya kunyweshea kuku? Maji ya kunywa yanakingwa kwenye bati lililo karibu na bomba la moshi? Dagaa, muhogo au mahindi yanaanikwa chini, kwenye udongo uleule? Kuku wanaochakura kwenye vumbi lenye risasi huipitisha kwenye mayai.

Usisahau vyanzo visivyohusiana na kiwanda, kwa sababu daktari atakuuliza. Baadhi ya wanja wa macho hutengenezwa kwa madini ya risasi. Baadhi ya sufuria zinazosubiwa mtaani kwa vyuma mchanganyiko huachia risasi kwenye chakula, hasa kikiwa na ndimu, ukwaju au nyanya. Na udongo wa kula, ule unaouzwa sokoni kwa wajawazito, huweza kuwa na risasi hata ukiwa umeokwa vizuri na una harufu nzuri ya mvua. Najua hamu yake ilivyo kali, lakini kwa mjamzito anayeishi karibu na tanuru hilo ndilo la kwanza kuachwa.

Kuchemsha maji hakuondoi risasi. Maji yanapungua, risasi inabaki palepale.

Hatua ya 3: Zijue dalili, lakini usizingojee

Wengi wenye risasi kwenye damu hawana dalili yoyote. Hili ndilo gumu zaidi kuwaeleza watu, kwa sababu tumezoea kwamba ugonjwa lazima uume. Mtoto anaonekana mzima, anacheza, ila hashiki anachofundishwa, hatulii darasani, anakuwa mkali bila sababu. Mwalimu anasema ni mtukutu. Uharibifu wa ubongo unaoletwa na risasi utotoni haurudi nyuma, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Kiwango kikipanda, mtoto huumwa tumbo, hufunga choo, hutapika, hupauka kwa upungufu wa damu na hukosa hamu ya kula. Kikiwa juu sana, huja degedege, kupoteza fahamu na kifo. Hapa pana mtego: degedege kwetu hupelekwa haraka kwenye malaria, au kwa mganga. Mtoto akipata degedege na kuna betri au tanuru jirani, mkimbize hospitali na uitamke mwenyewe: "Daktari, tunaishi karibu na kiwanda cha betri." Usingoje uulizwe, maana wengi hawataliuliza hilo.

Mtu mzima yeye hulalamika tumbo la kusokota, choo kigumu, kichwa, viungo kuuma, usingizi kuvurugika na uchovu usioisha. Presha hupanda. Figo hudhoofika polepole. Wanaume huweza kupungukiwa mbegu, wanawake mimba kuharibika. Kwa walioathirika sana, kiganja hulegea kwenye kifundo, mkono unaning'inia na hauwezi kunyanyuka. Wapo wanaotokewa na mstari wa rangi ya samawati iliyoiva kwenye fizi, ila kutouona mstari huo hakumaanishi uko salama.

Hatua ya 4: Pima damu, na uombe kipimo chenyewe

Kipimo cha picha kamili ya damu hakionyeshi risasi. Wala cha malaria, wala cha taifodi. Lazima kiandikwe kwa jina: kipimo cha risasi kwenye damu. Hospitali nyingi za wilaya hazina mashine yake, hivyo muulize daktari sampuli ipelekwe wapi: hospitali ya rufaa, maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali au maabara kubwa ya binafsi. Bei ni juu kuliko vipimo vya kawaida. Kama mko kaya nyingi, anzeni na watoto walio chini ya miaka 6, wajawazito, na wale wanaopasua betri au kukaa tanurini.

Damu ya mshipa ni bora. Ikichukuliwa ya kidole, mkono uoshwe kwa sabuni na maji safi na kusuguliwa kwanza, maana vumbi lililo kwenye ngozi linatosha kuharibu jibu. Kidole kikileta namba ya juu, rudia kwa damu ya mshipa kabla ya kuamua lolote kubwa.

Jibu likija, angalia kizio. Mara nyingi huandikwa maikrogramu kwa desilita. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ikifika 5, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Hiyo 5 isisomwe kama mpaka wa usalama. Ni mahali pa kuanza kazi. Kwa kulinganisha, sheria ya Marekani ya viwandani iliyotungwa mwaka 1978 humwondoa mfanyakazi kwenye kazi ya risasi damu ikifika 60, na haimrudishi mpaka ishuke chini ya 40. Ukiambiwa na mwajiri kwamba 38 yako "iko ndani ya kiwango", ujue anasoma namba za nusu karne iliyopita.

Omba nakala ya jibu, yenye tarehe na jina la maabara. Piga picha kwa simu, mtumie na mtu mwingine. Utaihitaji mbele.

Hatua ya 5: Zuia vumbi lisitoke kazini na wewe

Hatua hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo rahisi kwa gharama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nguo za kazi zibaki kazini. Zote, mpaka soksi na kofia. Panatakiwa pawe na makabati mawili, moja la nguo chafu na jingine la nguo za nyumbani, na bafu katikati. Mfanyakazi anavua, anaoga kichwa mpaka kidole, anavaa nguo safi, anatoka. Ovaroli inafuliwa na kiwanda. Mke kuifua kwenye beseni la nyumbani, beseni lilelile la nepi, ni kumhamishia yeye kazi ya kiwanda bila malipo wala kinga.

Kama mwajiri hana bafu, na wengi hawana, fanya inayowezekana: ovaroli na gambuti ziingie kwenye mfuko mzito wa plastiki uliofungwa, uvae nguo nyingine, unawe mikono, uso na shingo kwa sabuni kabla ya kupanda gari. Ukifika, ingia bafuni kabla ya kumgusa mtu. Nguo hizo zifuliwe peke yake, usizikung'ute, na maji yake yasimwagwe uani wanapochezea watoto wala kwenye bustani ya mchicha.

Usile, usinywe, usivute sigara mahali pa kazi. Mahali pa kulia pawe mbali na tanuru, na mikono ioshwe kwa sabuni na kusuguliwa kucha. Kula kabla ya kwenda kazini, kwa sababu tumbo tupu hufyonza risasi zaidi.

Barakoa ya kitambaa haizuii moshi wa risasi. Wala ile ya samawati ya hospitali. Inayofaa ni barakoa ya mpira inayobana uso, yenye vichujio vya chembe vya daraja la P100, au angalau ile ya FFP3. Ndevu huvunja mbano wake, na kichujio kilichoziba hubadilishwa, hakipigwipigwi ukutani ili kitoe vumbi. Hata hivyo barakoa ni kinga ya mwisho. Kinachotakiwa kwanza ni kivuta-moshi juu ya tanuru, sakafu ya saruji inayooshwa, na betri kupasuliwa kwa mashine iliyofunikwa badala ya shoka. Kufagia kwa fagio kavu na kupuliza vumbi kwa kompresa vipigwe marufuku.

Tindikali ya betri nayo ina habari zake. Ikikurukia, vua nguo iliyolowa na mwagia maji mengi mfululizo kwa dakika 20, jicho vilevile, kisha hospitali. Usiitibu kwa mafuta wala dawa ya meno.

Kwa fundi wa mtaani anayechaji na kufufua betri, ushauri wangu ni mkali zaidi: acha kuzipasua na kuziyeyusha nyumbani. Hakuna glovu wala maziwa yatakayoifanya kazi hiyo kuwa salama uani pa watoto. Mwaka 2007 na 2008 huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa ndani ya miezi michache baada ya udongo uliojaa mabaki ya betri kuchimbuliwa na kuchekechwa ili kupata vipande vya risasi vya kuuza. Waliochekecha walikuwa mama zao, majumbani, wakitafuta riziki. Uza betri ikiwa nzima, na tindikali yake ndani.

Hatua ya 6: Safisha nyumba kwa maji

Fagio kavu linarusha vumbi hewani na kulirudisha. Piga deki kwa tambara lililolowa, ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia. Badilisha maji yakichafuka. Anza na madirisha, vizingiti na mahali mtoto anapotambaa. Mikeka na mazulia mazito ni maghala ya vumbi; ukiweza, toa zulia, baki na mkeka wa plastiki unaofutika. Viatu vibaki nje, desturi ambayo watu wa pwani tunayo tayari na hapa inatusaidia kuliko tunavyojua.

Osha mikono ya watoto kabla ya kula na kabla ya kulala. Osha midoli na chuchu za chupa. Mboga za majani zinazolimwa karibu na kiwanda zina vumbi juu na huweza kufyonza risasi kutoka chini; nunua za mbali, au lima kwenye magunia ya udongo ulioletwa kutoka kwingine.

Uwanja mtupu ndio wa kufunikwa: saruji kama pesa ipo, au kokoto, au udongo safi wa unene wa shubiri moja au zaidi na nyasi juu yake. Msianze kuchimba udongo mchafu wenyewe kwa majembe. Mtaurusha, mtaupeleka kwingine, na mtapoteza ushahidi.

Hatua ya 7: Matibabu, kwa mpangilio wake

Tiba ya kwanza ni kuondoka kwenye chanzo. Kuna dawa zinazoikamata risasi kwenye damu na kuitoa kwa mkojo, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza zitumike kwa mtoto ambaye damu yake imefika maikrogramu 45 kwa desilita au zaidi. Kwa mtu mzima uamuzi hutegemea kiwango na dalili. Dawa hizi hutolewa na daktari tu, kwa sababu huondoa pia madini ambayo mwili unayahitaji na zinaweza kuumiza figo na ini. Zile chai za "kutoa sumu" zinazouzwa mitandaoni hazimo katika habari hii.

Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010, zaidi ya watoto 400 walikufa kwa risasi iliyokuwa kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Madaktari Wasio na Mipaka walipofika, walitoa dawa katika vijiji ambavyo nyumba zake zilikuwa zimesafishwa kwanza. Walikuwa na sababu: mtoto akisafishwa damu na kurudishwa kwenye ua uleule, anajazwa upya.

Lishe inasaidia kwa kiasi. Mtu mwenye upungufu wa kalsiamu na chuma hufyonza risasi zaidi, kwa hiyo dagaa wanaoliwa na mifupa yake, maharage, nyama au maini, mayai, matunda yenye vitamini C, na ndiyo, maziwa, vina nafasi yake mezani. Nafasi hiyo ni ya chakula. Haiwezi kuchukua ya bafu na kivuta-moshi.

Anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa hofu. Apime kwanza, azungumze na daktari. Kwa akina mama wengi faida ya kunyonyesha bado ni kubwa kuliko madhara. Baada ya chanzo kuondolewa, vipimo virudiwe baada ya mwezi hadi mitatu, mapema zaidi kama namba ilikuwa juu, mpaka ishuke na kubaki chini.

Hatua ya 8: Weka kumbukumbu, kisha dai

Daftari moja, kalamu moja. Andika tarehe, saa, rangi ya moshi, upande wa upepo, nani aliugua, mbuzi au kuku waliokufa. Picha ziwe na tarehe. Majibu ya damu yakusanywe pamoja, kwa ridhaa ya kila familia, na majina yahifadhiwe na mtu mnayemwamini. Kesi ya Owino Uhuru haikusimama kwa hasira. Ilisimama kwa majibu ya maabara na sampuli za udongo.

Kisha gawanya madai mawili, kwa sababu watu huyachanganya na kupoteza muda.

La mfanyakazi: Tanzania, usalama kazini unasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) chini ya sheria ya mwaka 2003, na ugonjwa utokanao na kazi hulipwa kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kenya, ni Idara ya Usalama na Afya Kazini chini ya sheria ya mwaka 2007, na fidia hutolewa kwa sheria ya mwaka huohuo inayojulikana kwa kifupi kama WIBA. Kibarua asiye na mkataba wa maandishi asikate tamaa: picha ukiwa kazini, ujumbe wa malipo kwa simu na shahidi mwenzako vinasaidia kuthibitisha kwamba ulifanya kazi hapo. Madai haya yana mwisho wa muda, hivyo mweleze mwajiri kwa maandishi mara tu jibu la damu linapotoka, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri au picha yake.

La jirani: barua iende kwa mamlaka ya mazingira ya taifa, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya, nakala kwa afisa afya wa kata au wadi na kwa mbunge. Iwe fupi. Taja mahali, mnachokiona, tangu lini, na mnachotaka kifanyike. Ombeni hati ya tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya kiwanda. Nchi zote mbili zina sheria ya haki ya kupata taarifa, zote za mwaka 2016. Mara nyingi hati hiyo ndiyo inayofichua kwamba kiwanda kilijengwa kabla ya tathmini kufanywa, au kwamba hakuna mkazi aliyewahi kuulizwa. Kwa Kenya, kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda kortini kutetea haki ya mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba ameshaumia.

Msiende mmoja mmoja. Anayekwenda peke yake huitwa mchochezi, na kiongozi wa mtaa naye huenda ana shemeji aliyeajiriwa humo ndani. Hilo la ajira ni la kuzungumzwa waziwazi barazani, maana waliomo kiwandani wanaogopa kupoteza ugali wao na si maadui. Wao ndio wanaokula sumu nyingi zaidi, na bila wao hamtajua kinachoendelea nyuma ya ukuta. Dai la kwanza mnaloweza kukubaliana nalo pande zote ni bafu, sare zinazofuliwa kiwandani, na vipimo vya damu vinavyolipwa na mwajiri.

Hatua ya 9: Kiwanda kikifungwa

Mwenye kiwanda akiondoka, huacha marundo ya mabaki ya tanuru, meusi na mazito, mara nyingi bila uzio. Watu huyachukua kujazia mashimo ya njia au msingi wa nyumba. Yazuieni kwa namna yoyote mnayoweza mpaka mamlaka ya mazingira iyaondoe: turubai juu, kamba pembeni, bango lenye maneno makubwa.

Dai udongo upimwe sehemu nyingi, si moja: mlangoni pa shule, ukingoni mwa mfereji, uani pa nyumba zilizo upande wa upepo. Wastani huficha, ua mmoja unaweza kuwa salama na wa pili yake ukawa na risasi mara kumi. Marekani kwa miaka mingi walitumia miligramu 400 kwa kilo kama kikomo cha udongo wa makazi, na mwaka 2024 wakakishusha hadi 200. Omba matokeo kwa namba, usikubali karatasi iliyoandikwa "salama" tu.

Na anayeuziwa kiwanja cha bei nafuu mahali palipokuwa na karakana ya betri, yadi ya skrepa au tanuru, awaulize wazee wa mtaa palifanywa nini hapo zamani, na achukue sampuli ya udongo wa juu ikapimwe kabla ya kulipa arbuni.